Meno ya Kurone na Mguu Wangu wa Kushoto

Ninaandika haya nikiwa nimesimama. Nataka ulijue hilo kabla ya lingine lolote, wewe uliyelala na vyuma mguuni ukitazama dari ya hospitali. Nimesimama kwenye meza yangu ya maziwa hapa soko la Murara, Goma, karatasi ziko kati ya bidoni mbili, yale madumu ya maziwa, na mteja akija naacha, akiondoka naendelea. Ukiona maneno yamekatika ghafla, ujue kuna mtu aliyetaka mashanza, yale maziwa yaliyoganda, na mashanza hayangoji.

Aliyenituma kuandika ni Mama Riziki, muuguzi aliyekuwa ananifunga kidonda. Aliniambia, "Mama Neema, wagonjwa wapya wananiuliza kama watatembea. Nikiwajibu wanafikiri nawabembeleza, juu ni kazi yangu. Weye andika. Weye hakuna anayekulipa." Basi. Jinsi mfupa unavyoungana sijui, muulize dokta. Mimi ninajua benchi, harufu, na namna ya kuvaa nguo ya ndani ukiwa na vyuma, na hayo ndiyo nitakayokueleza.

Mume wangu, Papa Neema, ni motari, dereva wa pikipiki ya abiria. Alikuwa ananipeleka Kibati kila asubuhi kununua maziwa kwa wafugaji, tunarudi na bidoni mbili zimefungwa ubavuni, kisha ananiacha sokoni na kwenda kutafuta abiria. Pikipiki yake ilikuwa inalia. Sheni, ule mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, ilikuwa imelegea mpaka inagonga chuma. Kila ikilegea aliondoa pete moja na kuiunga tena, kama mtu anayekaza mkanda juu ya njaa. Ilipofika mahali hakuna tena cha kuondoa, fundi alimwambia anunue vyote vitatu pamoja: sheni yenyewe, pinyo ya mbele na kurone ya nyuma, yale magurudumu mawili ya meno ambayo sheni inayashika. Papa Neema alinunua sheni peke yake. Hapa Goma karibu wote wanafanya hivyo. Wanaangalia meno, wanaona bado yapo, wanasema mbona tutupe kitu kizima.

Sheni mpya ilinyamaza kwa muda, tukaisifu. Kisha ikaanza tabia nyingine. Haikulia tena, ilikuwa inaruka. Unakaa nyuma umetulia, unasikia *tak* chini ya makalio, kama mtu amekupiga teke kupitia kiti. Nilimuuliza ni nini.

"Ni mupya ile," alisema. "Kitu mupya lazima kizoee."

"Mimi nilipokuwa mupya kwako sikuruka hivyo."

Alicheka mpaka tukafika. Ndivyo tulivyokuwa, mimi na yeye, tunachekana njia nzima.

Sasa, kutoka Kibati kushuka mjini ni mteremko, na motari wana desturi yao. Wanazima injini ili kulinda mafuta, wanaacha pikipiki iteremke yenyewe kimya kimya. Wakifika chini wanaingiza gia na kuachia klachi, na gurudumu linaiwasha injini kwa nguvu ya mwendo. Ukisimama barabarani asubuhi utawaona wanapita hivyo, mmoja nyuma ya mwingine, unasikia upepo tu. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Tulishuka kimya, Papa Neema akaingiza gia, akaachia. Nguvu yote ya mteremko ikaiangukia sheni kwa mara moja. *Tak*, kisha *tak* ya pili, kisha sheni ikatoka kwenye meno, ikajibana kando ya gurudumu, na gurudumu la nyuma likakataa kuzunguka.

Tuliangukia upande wangu. Pikipiki ilinilalia mguu wa kushoto, bidoni ikailalia pikipiki, na vyote vikaniburuta kwenye yale mawe meusi ya volkano ambayo hata kiatu hayakisamehi. Maziwa yakamwagika juu ya mawe. Akili ya mchuuzi ni kitu cha ajabu: nilinyoosha mkono kusimamisha bidoni kabla sijauangalia mguu. Kisha nikauangalia. Nilichokiona sikuelezi, wewe umekiona chako.

Wamama waliokuwa wanalima kando ya barabara walivunja vijiti vya mkalitusi, wakaufunga mguu kwa kitenge changu, wakanipandisha kwenye gari lililobeba kabichi. Papa Neema alikuwa amechubuka viwiko tu. Alinishika kichwa njia nzima akirudia, "Mama Neema. Mama Neema." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu kwa muda mrefu sana.

Nilipozinduka baada ya operesheni ya kwanza, mguu wangu ulikuwa umechomwa vyuma vinavyotokea nje ya ngozi, vimeunganishwa na fimbo ya chuma pembeni. Nilifikiri wamesahau kumaliza kazi. Hapana, ndivyo inavyokuwa, na utavizoea. Usiku utaligonga shuka, shuka litagonga vyuma, na utamjua Mungu upya. Mwambie gadi-malade wako, yule ndugu anayelala nawe hospitalini, aweke katoni juu ya mguu ili shuka lisiguse. Nguo ya ndani mpelekee fundi cherehani aipasue ubavuni na kushona kamba za kufunga. Mimi nilikaa bila kitu siku nyingi juu ya aibu ya kuuliza, mpaka mdogo wangu Zawadi, aliyekuwa gadi-malade wangu, akachukua mkasi mwenyewe.

Kidonda kilifungwa upya asubuhi moja ndiyo, moja hapana. Unabebwa mpaka kwenye korido, unawekwa kwenye benchi, na mnangoja. Hapo ndipo utakapoishi, kwenye lile benchi. Utajifunza kujua zamu yako kwa kilio cha anayekutangulia. Utajifunza pia kwamba watu wa benchi wanacheka kuliko watu wa nje. Tulikuwa tunapimana miguu. Mzee mmoja aliniambia vyuma vyangu ni vizuri kuliko vyake, vinang'aa, hakika nina mtu ofisini.

Mwili ulibadilika, na hilo hakuna aliyeniambia mapema. Mimi nilikuwa mwanamke wa kujaza kiti. Mguu ulikonda mpaka ngozi ikabaki inaning'inia, ukaota nywele kama wa mwanaume. Nywele za kichwa zikaanza kubaki kwenye kitana. Hedhi ilikatika miezi kadhaa. Neema, binti yangu mkubwa, alipokuja kunisalimia alisimama mbali na kitanda, akawa anaongea na mama yake mdogo, Zawadi. Nililia akishaondoka. Baadaye aliniambia alikuwa anaogopa kunigusa asije akaniumiza, kwa hiyo wewe muite mtoto wako karibu, umpe mkono wako aushike. Usingoje aje mwenyewe.

Lakini kilichoniuma kuliko vyuma ni Papa Neema. Alileta chakula kila siku. Alifika mpaka mlangoni, akampa Zawadi sufuria, akamuuliza kwa sauti ndogo, akaondoka. Kitandani hakufika. Mimi nilikuwa naliona bega lake na nusu ya kofia.

"Huyu mutu amekuvunja, na sasa hata macho yake hakuletei," Zawadi alisema.

Ndugu za Papa Neema walikuwa wanasema bidoni zilikuwa nzito mno, yaani mimi na maziwa yangu ndio tuliovunja pikipiki. Maneno ya namna hiyo yalikuwa yanatembea kati ya familia mbili huku mimi nimelala katikati. Sikuwa na hasira juu ya ajali. Barabara inaangusha watu kila siku. Hasira yangu ilikuwa juu ya ule mlango.

Noeli ilipita, chorale ya kanisa ikaja kutuimbia, nami nikapiga makofi kitandani. Ni baada ya hapo nilipoanza kunuka. Nilijua kabla ya dokta. Anayefanya kazi ya maziwa anajua kitu kinapoanza kuharibika. Homa ikafuata, na Mama Riziki akawa anafunga kidonda bila kuongea, yeye ambaye hanyamazi.

Dokta alikuja, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Wakikaa, ujue ni habari kubwa. "Mama, kuna uchafu ndani ya mfupa," alisema. "Tutafungua tena. Tutakwangua kila kilichooza mpaka tukutane na mfupa muzima. Itachukua muda mrefu. Ikishindikana, tutakata chini ya goti, ili tukuokoe weye."

Aliposema kukata nilivitazama vidole vyangu vya mguu. Vilikuwa vinacheza, vyote vitano. Sikuelewa mtu anawezaje kukata kitu kinachocheza.

Habari hiyo ilifika Masisi kwa mama mkwe wangu, yule ambaye watoto wanamuita Nyogokuru. Alishuka kutoka milimani na kikapu, akakiweka chini ya kitanda, na kikapu kikalia. Alikifunua. Ndani kulikuwa na kuku jike wa rangi ya udongo, mguu wake wa kushoto umefungwa vijiti na kamba ya mgomba.

Kama hukutoka kwetu nikueleze. Kuna wazee wanaounga mifupa kwa mikono na majani. Mgonjwa akiletwa, mzee anamvunja kuku mguu mahali palepale mtu alipovunjika, anamfunga kuku, anamfunga mtu. Siku kuku anaanza kukanyaga, na mtu atakanyaga. Mama mkwe alikuwa amekwisha kwenda kwa mzee huyo na kuku amekwisha kuvunjwa. Nilikosekana mimi tu.

"Gari nimeipata, kesho asubuhi tunapanda," alisema. "Hapa wanataka kukukata muguu, mwana wangu. Mutu hakati mukono wa mutoto wake juu ya kidonda."

"Mama, mfupa uko na uchafu ndani," Zawadi alimjibu. "Majani yatafika namna gani ndani ya mfupa?"

"Weye umekwisha kuzaa? Umekwisha kuuguza mutu? Nyamaza."

Wakaanza kugombana. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka kusikiliza, na kuku naye akiwa anachangia. Kuku wa watu, pikipiki hakupanda na mguu amevunjwa.

Nitakuambia jambo moja wazi: nilitaka kwenda. Ninajua kusoma, nilimsikia dokta vizuri, lakini niliogopa kile kisu kuliko kufa. Niliona ile milima, niliona watu wanaoniongelesha kwa lugha ya mama yangu, niliona mguu wangu mzima na vidole vyake vitano. Nilikwisha kumwambia Zawadi aanze kukusanya vyombo.

Hapo ndipo Papa Neema alipopita mlango. Alikuja moja kwa moja mpaka kitandani, ndevu zimemjaa, ameshika kitu kilichofungwa kwenye kipande cha gunia. Alikifungua juu ya shuka. Ilikuwa kurone ya pikipiki, lile gurudumu la meno la nyuma.

"Gusa," aliniambia.

Nilipapasa. Meno hayakusimama tena wima. Yalikuwa yamelika upande mmoja, yamekuwa membamba na yamepinda yote kuelekea upande mmoja kama miiba. Hata mimi nisiyejua ufundi niliona kwamba kitu kama hicho hakiwezi kushika sheni.

"Maman," alimwambia mama yake, lakini macho yalikuwa kwangu. "Fundi alisema nibadilishe vyote. Nikabadilisha sheni, nikaacha meno. Sheni ilikuwa mupya, inang'aa, nikaona nimemaliza. Hii meno ndiyo iliyoitupa." Akaigonga kurone kwa kidole. "Sasa dokta anasema kuna kilichooza ndani. Mukifunga majani juu yake, ni sheni mupya juu ya meno ya zamani. Sitafanya nusu mara ya pili. Si kwa muguu wa huyu."

Aliketi kwenye kitanda, akanishika mkono mbele ya wote, kitu ambacho wanaume wa kwetu hawafanyi.

"Lakini muguu ni wako, Mama Neema. Weye sema."

"Kwanza weye sema juu gani ulikuwa unaishia mulangoni."

"Nilikuwa naogopa uniangalie."

"Sasa nakuangalia. Umekonda, umekuwa mubaya. Nabaki."

Mama mkwe aliinama, akafunika kikapu. "Na huyu je? Mguu wake umekwisha kuvunjwa."

"Muuguze, mama," nilisema. "Mimi niuguzwe hapa, yeye auguzwe nawe kwetu nyumbani, hapa Goma. Tutaona nani atatangulia."

Nilifikiri atakasirika. Alisema sawa.

Walinifungua tena wakati watu walikuwa wanavuna maharagi. Kabla ya kudungwa dawa ya usingizi nilimwomba dokta kitu kimoja, kwamba nikizinduka mtu aniambie haraka. Nilipozinduka, kabla hata sijafungua macho vizuri, Papa Neema alikuwa anachezesha vidole vyangu vya mguu, kimoja kimoja. "Viko," alisema. "Vyote viko."

Lakini kuwepo si kupona. Dokta alisema kidonda ndicho kitakachosema. Kwa hiyo tukarudi kwenye benchi, mvua kubwa zikaingia na kupiga mabati mpaka hatusikiani, na mimi nikawa nangojea pua ya Mama Riziki. Kila akifungua, alikisogeza kile kitambaa puani bila aibu. Uso wake nilikuwa nausoma kuliko Biblia. Asubuhi moja alinusa, akanusa tena, akaniletea na mimi puani.

"Nusa mwenyewe."

Ilinuka dawa na damu. Damu safi tu, kama ya mtu yeyote.

Habari za kuku zilikuwa zinafika kila juma. Anakula. Amekaa vizuri. Ameweka kidole kimoja chini. Kisha siku moja mama mkwe aliingia wodini akitembea haraka: "Anakanyaga." Wodi nzima ilipiga makofi, na mimi nikamuonea kuku wivu, nisikufiche. Baada ya hapo akaanza kutaga. Dokta alikuwa amesema nile mayai ili nyama irudi, na mama mkwe akawa ananiletea lile la kuku wake, limechemshwa, bado la moto ndani ya kitenge. Alikuwa ananiangalia mpaka nimalize. Sikujua kama nilikuwa natibiwa na dokta au na yeye, na siku hizi sijisumbui kutenganisha.

Nilirudi nyumbani kiangazi, vumbi la mawe meusi likiwa limejaa kila mahali, vyuma bado viko mguuni. Papa Neema alijifunza kusafisha pale vinapoingilia, kwa maji yaliyochemshwa na chumvi, mikono ameiosha mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa anapiga magoti chini, ananiosha, anaongea. Maneno yote aliyoyaweka mlangoni yalitoka hapo, kidogo kidogo. Mwambie mwenzako akuoshe. Itawasaidia nyinyi wawili.

Vyuma vilipotolewa nilifikiri nitatembea siku hiyohiyo. Hapana. Nilipewa magongo, na ndipo nilipokutana na hofu kubwa kuliko zote, ile ya kuweka uzito. Mguu uko pale, mfupa umeungana, dokta ameonyesha picha, na wewe hutaki kukanyaga. Goti langu lilikuwa gumu, kifundo kigumu. Dokta alisema kazi ya mwisho ni kuchuchumaa: siku nitakapochuchumaa mpaka chini na kuinuka, tutaachana. Nikawa nashika nguzo ya mlango, nashuka kidogo, napiga kelele, napanda. Kuku alikuwa anapita uani akichechemea, ananiangalia kwa jicho moja. Mvua zilirudi, nikaacha gongo moja. Maharagi yalipopandwa tena nikaacha la pili. Ninachechemea bado, upande uleule kama kuku yule, na watoto wamekatazwa hata kutaja jina lake karibu na sufuria.

Pikipiki niliikataa muda wote huo. Papa Neema alikuwa amebadilisha vyote vitatu siku moja, na mteremko wa Kibati anashuka na injini inawaka, wenzake wakimcheka kwamba anapoteza mafuta. Nilimwamini. Mwili wangu ndio uliokataa. Nikisikia sheni ya mtu yeyote inagonga barabarani, mguu wa kushoto unaanza kutetemeka. Leo nikiisikia ninamsimamisha motari nisiyemjua na kumwambia aangalie meno yake. Wengine wananitukana. Sawa tu, watukane wakiwa na miguu.

Lakini maziwa yako Kibati. Asubuhi moja niliweka bidoni mbili tupu uani. Papa Neema aliziona, akatoa pikipiki nje na kuisimamisha mbele yangu, injini imezimwa. Mama mkwe alikuwa mlangoni na kikombe cha chai.

"Meno ni mupya, sheni imekazwa, kila kitu," Papa Neema alisema. "Lakini usichukue maneno yangu. Angalia mwenyewe."

Kurone iko chini, nyuma, kandokando ya gurudumu. Ukiwa umesimama huioni. Nilishika kiti. Nikakunja goti la kulia, nikakunja la kushoto, nikaenda chini polepole mpaka makalio yakagusa visigino, mahali ambapo sikuwahi kufika tangu ajali. Maumivu yalikuwepo, ya kuvumilika. Nikaachia kiti. Nikaanza kupapasa meno, moja, linalofuata, linalofuata, huku nikizungusha gurudumu kwa mkono mwingine. Yalikuwa manene, yamesimama wima, hakuna lililopinda. Nilichukua muda wangu. Papa Neema alingoja, na chai ya mama mkwe ikapoa mkononi.

"Iko sawa?" aliniuliza.

"Iko sawa."

Alinipa mkono aniinue. Nikamwambia auache, nikainuka mwenyewe, nikafunga bidoni, nikapanda.